Tairi Mbili Zangu, Mbili za Rajabu

Mjane wa Rajabu alinipigia simu nikiwa barazani kwangu hapa Dumila nachambua mchele. Akaniambia kisomo cha arobaini kitafanyika Ijumaa nyumbani kwao Mwembesongo, na kwamba familia imekubaliana mimi ndiye niseme maneno machache juu ya marehemu. "Wifi, wewe ndiye uliyekua naye," alisema. "Sisi wengine tulimpata akiwa ameshakuwa fundi mkubwa." Nikasema sawa, inshallah, nikakata simu, kisha nikauchambua mchele ule ule mara ya pili bila kujitambua. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nayo mengi, ila hayasemeki mbele ya ubani na sahani za tende. Kama ningesimama pale na kusema kweli tupu, ningesema hivi: jamani, marehemu alikuwa mtu mwema, hakunikosea hata siku moja, na mimi nimemwonea wivu tangu mwaka ule aliposhuka kutoka Kinole, milimani, na kikapu cha machenza mpaka leo amelala kaburini. Watu wakisikia mwanamke anataja wivu, mawazo yao yanakimbilia kwenye mapenzi. Wivu wangu ulikuwa wa tairi. Tairi ndogo za gari la kuchezea, kila moja ikienea kwenye kiganja.

Mwaka wenyewe ulikuwa katika ile miaka ya foleni, ambayo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja majibu, na mtu anayengoja majibu nyumbani ni mali ya kila mwenye shida. Asubuhi natumwa duka la ushirika kupanga foleni ya sukari, mchana natumwa kuuliza kama sabuni imefika, jioni napepeta ule unga wa njano wa msaada ambao ugali wake ulikuwa unashika kooni. Nyumba yetu ya Mwembesongo ilikuwa na sebule yenye redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, vyumba viwili, na uani palikuwa na jiko na chumba kidogo ambamo baba aliweka vifaa vyake vya kazi. Baba alikuwa fundi mitambo katika karakana ya chuo cha kilimo. Chumba kile kilinukia grisi na mbao, na tangu nikiwa mdogo nilikuwa naingia humo kwa ruhusa tu, kushika patasi na kuirudisha mahali pake. Rajabu alipofika, godoro lake likatandikwa humo humo, katikati ya misumeno na makopo ya skrubu, na kuanzia siku hiyo mimi nikawa nabisha hodi.

Kwetu Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, nao tunauita lukolo. Kwa hiyo mimi niliyezaliwa na baba yangu nilihesabiwa kwa akina mama, na Rajabu, mtoto wa dada yake baba, ndiye aliyekuwa mtu wake wa ukoo. Shamba la mjomba huenda kwa mpwa. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu, wala halikunisumbua, kwa sababu shamba lenyewe lilikuwa juu milimani kwenye mteremko wa kuvunja miguu na sikuwa na haja nalo. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba hata firigisi ina ukoo. Siku ya kwanza ya Rajabu mama alichinja kuku, jambo ambalo mwaka ule halikufanywa ovyo, na firigisi ikapelekwa kwa baba kama desturi ilivyo. Baba alikuwa na tabia ya kuikata vipande viwili na kunipa kimoja. Siku hiyo aliichukua nzima na kuiweka upande wa Rajabu, akasema, "Kula, mwanangu, umetembea." Rajabu akaniangalia kama anayeomba radhi, kisha akaila. Nilikuwa msichana mkubwa, ninayejua kemia na jiografia, nikakaa pale na tonge mkononi nikichukia kipande cha kuku.

Gari lilikuja miezi michache baadaye. Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia mashine za karakana alimaliza mkataba wake, na siku ya kuondoka akamwachia baba zawadi: gari dogo jekundu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, linaloendeshwa kwa mawimbi ya redio. Ukishika kisanduku chake chenye antena ukasukuma kijiti, lenyewe kule mbali linakata kona. Mtaa mzima ulikuja kuliona, hata balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alilikagua kwa makini sana akataka kujua kama limesajiliwa. Lakini lilikuwa limechezewa likachoka. Mpira wa tairi ulikuwa umekwisha kabisa, laini kama kisigino cha ndala ya mwaka juzi, na kwenye sakafu yetu ya saruji lilikuwa linateleza tu. Yule mzungu alikuwa ameacha na tairi mpya nne ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameacha mpira mtupu, bila ringi. Ringi zilikuwa zile zile za zamani, za plastiki nyeupe, na tairi zilizokwisha zilikuwa zimegandishwa juu yake kwa gundi kali ajabu. Ili tairi mpya ziingie ilibidi za zamani zitoke, na ringi ikipasuka hapakuwa na duka lolote Tanzania hii ambalo ungekwenda kununua nyingine.

Baba aliliweka gari juu ya meza ya sebuleni tulipokuwa tunakula, akatuangalia mimi na Rajabu. Alisema mkuu wa karakana amemwambia alete kijana mmoja anayemwamini, aanze kazi kama mwanagenzi, na akifaa ataajiriwa. "Kuna tairi nne hapa," alisema. "Wewe Tatu utachukua mbili, Rajabu mbili. Kila mtu atafute njia yake ya kuzitoa. Ambaye ringi zake zitakuwa salama, huyo nitakwenda naye." Mama akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika akiuliza, kama mtoto wa kike anaweza kufanya kazi karakana. Baba akajibu kwamba siku hizi wanawake wanaendesha trekta kwenye vijiji vya ujamaa, na redio inawasifu kila siku, sembuse kushika tupa. Sijui kama nililala usiku ule. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka karakana ile, na majibu ya mtihani niliyokuwa nayangoja niliyasahau papo hapo.

Shangazi, mama yake Rajabu, alishuka kutoka Kinole wiki ile ile. Nani alimpelekea habari sijui, ila habari za ukoo zina miguu. Nilikuwa uani napuliza moto, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema, "Kaka, nasikia unawashindanisha watoto. Unashindanisha nini? Huo mkono wako wa ufundi ulipewa na mjomba, na mjomba alipewa na wa kwake. Ni mali ya lukolo. Tatu atazaa, na atakachokijua kitakwenda kwa wanawe, na wanawe si wa kwetu. Unataka kufukia kisima chetu ukachimbe kwa wakwe?" Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Kisha baba akasema, "Nimeshasema tairi mbili mbili, dada. Kazi itasema yenyewe." Maneno hayo niliyabeba siku zote zilizofuata. Nilikuwa nayarudia kwenye foleni ya sukari, nayarudia nikiosha vyombo. Nilikuwa na hakika kwamba baba yangu, kwa sentensi moja, amenichagua mimi dhidi ya mlima mzima.

Nilianza na kisu na nikaacha mara moja, maana kilikuwa kinakwaruza plastiki. Nikafikiri juu ya gundi. Gundi ya mbao tuliyotumia shuleni ilikuwa inalegea kwenye maji ya moto, basi nikasema hata hii, ukali wake wote, haiwezi kuupenda moto. Nikachukua sufuria ya mama ya wali, nikachemsha maji, nikaitumbukiza ringi na tairi yake. Ikichemka vya kutosha naitoa kwa koleo, naifunga kwenye kitambaa nisiungue, halafu nasukuma mpini wa kijiko katikati ya mpira na ukingo wa ringi, taratibu, nikizungusha. Pale inaponikubalia naendelea. Pale inapokataa silazimishi, nairudisha kwenye maji. Kulazimisha ndiko kunakopasua. Vidole viliungua, mkaa uliisha, na harufu ya mpira uliochemshwa ilikaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Mama alipoigundua sufuria yake alinisema mpaka majirani wakatoka nje. Akaisugua kwa majivu, akapika wali, na wali ukanukia tairi vile vile. Tulikula kimya sote, baba akitafuna polepole, mpaka Rajabu akasema kwa upole, "Wali mtamu, mama," na mama akacheka mpaka akalazimika kuweka tonge chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia hata kwa kuwachekesha watu.

Kwa sababu jambo gumu kuliko yote ni kwamba hakuwa mbaya. Mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Rajabu alikuwa anaamka kabla yangu kunichotea maji, akijua foleni itanichelewesha. Siku moja alikuja jikoni na chupa ndogo yenye dawa nyeupe kama maji, aliyopewa na kijana wa maabara pale chuoni. "Dada Tatu, hii inayeyusha gundi," alisema. "Unaloweka tu, asubuhi tairi inatoka yenyewe. Chukua nusu, hutaungua tena mikono." Niliinusa, ilikuwa inachoma pua. Nikamwambia abaki na dawa yake, mimi nina njia yangu. Sikukataa kwa sababu ya akili yoyote. Nilikataa kwa sababu ilitoka mkononi mwake. Kama ningekuwa na moyo mzuri siku ile ningezipoteza ringi zangu zote mbili, na mpaka leo sijui nijifunze nini kutokana na hilo.

Baba alituita Jumapili baada ya chai, chai ya tangawizi bila sukari. Tukaweka kazi zetu mezani. Za kwangu alizichukua moja moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, ndani na nje, akazielekeza dirishani kuona kama zina ufa. Zilikuwa safi, hazikuwa na hata tone la gundi. Akaziweka chini, na niliona jinsi alivyoziweka, kama mtu anayeweka yai. Kisha akageukia za Rajabu. Moja ilikuwa imetoka vizuri, kwa kuwa ile aliishia kuichemsha kama mimi. Nyingine ndiyo iliyolala kwenye dawa. Ile dawa ilikuwa imeyeyusha gundi na ikaendelea na plastiki: ringi ilikuwa imelegea na kupinda, na matundu yake ya katikati yalikuwa yameshikana. Rajabu alisimama akitazama miguu yake. Mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma. Baba aliigeuza geuza ringi ile mkononi, kisha akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyefurahishwa. "Inakula plastiki hii," akasema. "Sasa umejua, na hutasahau." Akainuka, akachukua baiskeli. "Haya, twende karakana, tukakereze nyingine ya alumini." Nikabaki mezani na ringi zangu nzima. Wao wawili wakaondoka, Rajabu amekaa kwenye keria ameishika nguzo ya kiti, kwenda kujifunza kutumia mashine ya kukereza chuma siku ya mapumziko, karakana ikiwa tupu, na mwalimu ni wa kwake peke yake. Kazi yangu nzuri haikuwa na la kufundishwa. Kosa lake ndilo lililomfungulia mlango.

Gari lilikimbia jioni ya siku ya pili. Baba alinipa mimi kile kisanduku kwanza, mbele ya watu wote, na gari likaruka uani likiwatawanya kuku, likashika sakafu vizuri kwa mpira wake mpya, ringi tatu nyeupe na moja inang'aa. Watu wote waliisifu ile inayong'aa. Nilimrudishia baba kisanduku baada ya mizunguko michache. Watu walipotawanyika nikamfuata barazani. Rajabu alikuwa amechutama mlangoni, ameishika ile ringi iliyoyeyuka, anaifuta kwa kitambaa kana kwamba itapona.

"Baba," nikasema, "nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote, mama."

"Lakini utakwenda naye."

"Nitakwenda naye."

"Ulisema kazi itasema yenyewe."

Akavua viatu vyake taratibu. "Imesema, na nimeisikia," akasema. "Lakini nikiifuata, dada yangu hataingia tena kwenye nyumba hii, na siku yangu ikifika sitakuwa na wa kunizika huko juu. Wewe umesoma. Wewe utapata pengine." Akaingia ndani. Rajabu hakuinua uso, na mimi nilimpita pale mlangoni nikiwa nimeinua sketi yangu isimguse.

Nikapata pengine, kama alivyosema. Majibu yalitoka, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha sayansi mpaka nikastaafu, na sitasema nilikuwa na maisha mabaya. Rajabu alikaa karakana miaka mingi, kisha akafungua yake Mwembesongo. Nimeishi nikimwonea wivu kwa namna za kila aina. Nilipita Kingolwira kwenye basi nikaona geti la mtu, nikajua kwa jinsi bawaba zilivyokaa kwamba ni kazi yake, na safari ikaniharibikia. Alipokuja kunitengenezea pampu ya kisima alikataa hata nauli, nikampikia kuku, na firigisi nikampa mume wangu. Baba alipofariki, Rajabu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na ndiye aliyepewa shoka la ukoo na shamba. Mimi nilikaa na wanawake, nikilia kwa sababu zaidi ya moja. Nilifundisha wasichana wangapi kupenda skrubu na saketi! Hakuna aliyenifundisha mimi.

Ijumaa nikaenda. Niliposimama kusema nilisema ya kawaida: alikuwa mpole, alikuwa mchapakazi, alikuwa ananichotea maji. Watu wakaitikia amina. Baada ya kisomo nilikwenda uani kunawa, na pale bombani nikamkuta binti yake wa mwisho, Zainabu, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, anasugua mikono kwa sabuni ya unga. Weusi wa grisi ulikuwa umekaa kwenye mistari ya viganja na hautoki. Naijua rangi ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mikono imefanya nini?"

"Kuna mteja ana trekta limekwama, hakuweza kungoja kisomo kiishe." Akacheka kwa aibu. "Karakana ninayo mimi sasa. Baba alinifundisha tangu nikiwa darasa la tano."

Nikamwambia hilo haliwezekani, maana Rajabu ana dada, na dada zake wana watoto wa kiume, tena wawili ni mafundi.

"Walikuja," alisema Zainabu. "Walikuja hapa baba akiwa hai, wakakaa kikao siku nzima. Shangazi yangu mkubwa alisema baba anafukia kisima. Hajatukanyagia hapa mpaka leo, hata msibani hakuja, si umeona. Baba aliwaambia kuna binti alitoa tairi mbili bila mkwaruzo akaambiwa hakukosea popote, na yeye alikuwa amekaa pale pale, ameshika ringi iliyoyeyuka, na ndiye aliyechukuliwa. Akasema hawezi kumfanyia mtoto wake hivyo." Akafunga bomba, akajifuta kwenye kanga. "Alisema wewe ndiye ulikuwa fundi, shangazi. Nilidhani unajua."

Nilikuwa sijui. Kwa miaka yote ile, Rajabu hakuwahi kuniambia neno, na mimi sikuwahi kumpa nafasi ya kuliambia. Nilijua pia ni kitu gani nilipaswa kusikia moyoni pale bombani: furaha, au shukrani, au angalau majuto. Watu wema wangelia. Nikamshika Zainabu mikono, nikavigeuza viganja vyake juu, nikaviangalia vile vidole vifupi vyenye makovu ya moto na chuma, vidole vya mtu aliyefundishwa na baba yake mzazi tangu darasa la tano. Nikamwambia, "Mungu amlaze pema baba yako," na nilimaanisha. Lakini kilichonijaa kifuani hakikuwa msiba. Katika umri huu, na mvi hizi, uani kwa marehemu, nilikuwa nikimwonea wivu mtoto wake, kwa kuwa baba aliyempata yeye nilimtengeneza mimi.